Mrejesho: vile vitabu vitatu vya kusoma msimu wa baridi Mbeya

Wakuu, niliomba vitabu vya Kiswahili vya jioni za baridi hapa Mbeya, mkanitajia vitatu. Asanteni sana.

Kusadikika (Shaaban Robert, 1951) msikimalize kwa mkupuo. Karama, mshtakiwa, anajitetea mahakamani siku sita, kila siku akisimulia mkasa wa mjumbe mmoja wa nchi ya Kusadikika: wanne walitumwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Mkasa mmoja kwa jioni unatosha. Ukiunganisha miwili wajumbe wanachanganyika, maana wote wanarudi na mambo ya manufaa na kuishia kifungoni. Andika pembeni kwa penseli jina la mjumbe na alichokileta. Kule kurudiarudia ndiko hoja yenyewe, na kumenikaa rohoni.

Rosa Mistika (Kezilahabi, 1971) kinasomeka haraka ila kinauma. Zakaria anamchunga bintiye kwa kipigo, na hapo hasa ndipo anapompoteza.

Nagona, cha Kezilahabi pia, ni chembamba lakini kigumu. Ukitafuta kisa kilichonyooka utakwama mapema. Pita mara ya kwanza bila kusimama, ya pili ndiyo uulize maswali.

Anayenunua nakala ya mtumba akague mgongo wa kitabu na kuhesabu kurasa. Gundi ikikauka, karatasi za katikati huchomoka.