Kutafuta kilichofichwa: tupeane uzoefu

Wa Kuze: Jana usiku barazani ubishi ulianza na kikombe cha kwanza cha kahawa: Iraki, 2003. Mzee mmoja kashikilia kwamba silaha za maangamizi, zile Marekani ilizosema Saddam kazificha ikaingia vitani, zilikuwapo, ila nchi pana ile, kilomita za mraba zaidi ya 430,000, nani ataipekua yote? Nikakumbuka nyumba yetu ya vyumba vinne. Nyanya alipofariki tulijua kaacha bangili mbili za dhahabu, maana alizitaja kila Idi. Tulipasua magodoro, tukapapasa madaka ya ukutani, tukamwaga pipa la mchele. Siku tatu, patupu. Baada ya arubaini, shangazi akipika pilau katia mkono ndani ya mkebe wa bizari, katoa bangili moja. Mpaka leo inanukia jira. Nani mwingine ana kisa?

Kilindini Zamani: Nilikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini. Kontena la futi 40 la mitumba, afisa kaambiwa ndani mna vipuri havikuandikwa. Makuli wakashusha marobota yote, zaidi ya mia tano, tangu asubuhi hadi isha. Kila robota alilichoma kwa chuma. Hamna. Akapangusa jasho, akasema: "Basi mumeficha vizuri." Gharama ya kulaza kontena tukalipa sisi.

Likoni Juu: Huyo ndiye yule mzee wa baraza! Lakini msimcheke sana. Al-Taqaddum, kambi ya ndege za kivita huko Iraki, 2003 hiyo hiyo, Wamarekani walifukua MiG-25, ndege ya kivita, mchangani, imeng'olewa mabawa. Ndege, jamani.

Kilindini Zamani: Ilikuwapo, ikaonekana. Lakini silaha zile? Hans Blix na wakaguzi wake wa Umoja wa Mataifa walizunguka karibu miezi minne kabla ya vita. Baadaye wakaja wale wa Iraq Survey Group, kikosi cha Marekani na wenzake cha kusaka silaha hizo, zaidi ya watu elfu moja, nchi iko mikononi mwao, wakubwa wa serikali wako kizuizini wanahojiwa. Ripoti yao ya 2004: hakuna akiba ya silaha hizo. Waliokota makombora machache ya zamani tu.

Mama Kisauni: Saddam mwenyewe, rais aliyepinduliwa, alikuwa kwenye kishimo huko ad-Dawr, karibu na Tikrit. Alikamatwa mtu wake wa karibu, akasema. Wanangu wakificha rimoti sipekui, namuuliza kitinda mimba.

Likoni Juu: Na bangili ya pili, Wa Kuze?

Wa Kuze: Bado. Shangazi sasa anaapa ilikuwa moja tu. Mjomba kanunua sururu.