Mjadala: Unga wa oseketeki usio na jina wala kipimo, uendelee kuuzwa?

Wakuu, juzi stendi nimemkuta mama anauza unga wa kahawia uliofungwa kwenye vikaratasi. Dawa ya minyoo. Nikamuuliza ni mti gani. "Ya Kimaasai hiyo." Kiasi gani? "Kijiko, na maji ya moto." Cha chai au cha chakula? Akacheka.

Baadaye nikaja kuonyeshwa kuwa unga ule ni wa oseketeki, kichaka cha milimani ambacho wataalamu wa mimea wanakiita Myrsine africana. Vijani vyake ni vidogo, vigumu, kijani mwaka mzima, na tunda lake ni kama punje ya pilipili manga. Wamaasai hulikausha, hulisaga, hulinywa kwa maziwa au supu kutoa tegu. Si porojo: lina embelini, kemikali inayoangusha minyoo. Sasa oneni akili ya wazee. Embelini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inapenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Mama wa stendi kauza unga, maziwa kayaacha kijijini.

Mimi sitaki ipigwe marufuku. Hapa Tanzania Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na usajili wa dawa umo humo. Basi kila kifuko kiandikwe jina la mmea, kipimo, na nani asinywe. Mnasemaje?

Jibu la kwanza
Mkuu, babu zetu walikunywa bila lebo. Ukishaanza usajili, bibi wa kijijini anafukuzwa sokoni, anabaki mwenye mashine na mtaji.

Jibu la pili
Kwani tabu yote ya nini? Prazikwanteli, dawa ya hospitali ya minyoo, ipo, unapimwa kilo zako, unameza, kwisha. Na nyama iive! Tegu wa ng'ombe anaingia kwa mishikaki mibichi, unamtoa leo, kesho unamkaribisha tena.

Mleta mada
Wa pili, nyama iive, hapo sina ubishi. Wa kwanza, kuhusu gharama umenigusa. Ada ya usajili kwa bibi ifutwe kabisa, naunga mkono. Ila bibi hakuhitaji lebo kwa sababu alikuwa anamjua anayempa. Anamtazama mtoto, anapunguza. Anajua nani ana mimba, anamnyima. Embelini hiyohiyo imeonekana kuvuruga uzazi wa panya maabara. Yule wa stendi hakuniuliza hata namnunulia nani.