Gari la Lego linagoma kupanda, gia zinaruka meno. Naomba ushauri

FundiMajengo

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa giaboksi hapa Majengo, Moshi, mwaka wa 18 sasa. Giaboksi na difu (zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) nimefungua za kila aina, lakini hili la plastiki limenishinda, nikaona nililete hapa.

Nina binti darasa la sita. Mwaka jana nilimnunulia kiroba cha Lego za mitumba (vile vipande vya plastiki vya watoto vya kupachika na kujengea) pale soko la Memorial, bei ya kukadiria kwa macho. Tulipomwaga chini tukakuta matofali yenye matundu ubavuni, gia, akseli, difu, matairi manne makubwa, mota moja na boksi lake la betri 6, na rimoti. Hakutaka kujenga nyumba. Alitaka gari. Akalichora kwanza kwenye daftari la miraba, mraba mmoja tundu moja, na mchoro ule ni safi kuliko wanavyochora vijana wangu wa gereji.

Anachotaka ni hiki: Desemba tukipanda kwa bibi yake Uru, gari litoke getini, lipite njia ya migombani hadi mlangoni, limebeba nusu kilo ya kahawa. Njia ni hatua kama 40, inapanda, ina mizizi na mawe madogo.

Sakafuni linakwenda vizuri. Nyuma ya gereji, kwenye moramu, likigusa jiwe tu linasimama, halafu kra-kra-kra, gia zinaruka meno huku mota inaendelea kuzunguka. Nikadhani nguvu haitoshi, nikaongeza gia ya meno 8 kwa 40 pale mbele ya mota. Ndiyo ikazidi. Juzi akseli ya kati, ile inayofanya kazi ya propela shafti, yaani kupeleka nguvu ya mota kwenye difu, imejinyonga kama skrubu. Nilikuwa mbioni kumtafutia mota kubwa zaidi. Je, nitoe hela? Na grisi inafaa kwenye gia hizi?

MwalimuNjiro

Fundi, mpe binti hongera zangu. Mimi Jumamosi nakaa na watoto hapa Njiro, Arusha, tunajenga magari haya haya. Usinunue mota. Mota iliyozidiwa husimama ikavuma. Yako inazunguka, kwa hiyo nguvu ipo ila inapotelea njiani.

Anza kwa kuhesabu meno. Matundu ya ubavuni yameachana milimita 8, kuanzia seti za kwanza za aina hiyo za mwaka 1977 hadi leo. Chukua gia mbili zinazoshikana, jumlisha meno yake, gawa kwa 16: unapata akseli ziachane matundu mangapi. Meno 8 na 24 ni 32, matundu mawili. 8 na 40 ni 48, matatu. 12 na 20, mawili. Lakini 16 na 24 ni 40, na hapo inakuja mbili na nusu, tundu ambalo halipo. Watoto wangu wengi hukwama hapo hapo. Wanapandisha matofali mawili kwenda juu na kusogeza tundu moja pembeni, gia zinagusana, wanafurahi. Ila tofali kwenda juu lina milimita 9.6, si 8. Ukipima toka akseli hadi akseli unapata karibu 20.8 badala ya 20. Meno yanashikana kwa ncha tu. Sakafuni hutaona kitu, jiwe la kwanza ndilo linalokuonyesha.

Halafu hiyo 8 kwa 40. Umezidisha nguvu mara 5 pale mwanzoni kabisa, ukaipitisha yote kwenye kijiti cha plastiki. Lazima kinyongwe. Acha propela iende mbio ikiwa nyepesi, punguza mwendo mwishoni, kwenye gurudumu lenyewe. Lego walifanya hivyo kwenye Unimog yao ya mwaka 2011, mfano wa lori la Mercedes la njia mbaya, seti namba 8110, ina gia ndani ya kila kitovu cha gurudumu kama Unimog ya kweli. Ukiweka 8 kwa 24 kila gurudumu la nyuma, difu na propela vinabeba theluthi tu ya mzigo. Na gari linainuka kutoka chini, kitu ambacho mtakishukuru mkifika kwenye mizizi ya migomba.

Sanawari_redio

Kaka fundi, mimi natengeneza redio na spika, kwa hiyo nitasemea umeme. Betri 6 zikiwa nzuri ni volti 9. Zile za bei ya chini tunazoweka kwenye redio zinasoma 9 zikiwa zimekaa, mota ikianza kuvuta zinaporomoka. Pima gari likiwa linapanda, siyo likiwa mezani. Za kuchaji ni volti 1.2 moja, zote 6 ni 7.2, mwendo utashuka kidogo lakini zinavumilia mota kuliko hizo za redio.

Kama rimoti yenu ni ile ya miale, ya kuelekeza kama ya televisheni, juani itawasumbua, hasa jua la Moshi la saa saba. Msije mkafungua gari zima kutafuta ubovu usiokuwepo. Jaribuni jioni au chini ya kivuli.

kijana_wa_Sakina

Grisi hapana. Nilipaka ya gari, vumbi la Sakina lote likahamia kwenye gia, nikatumia mswaki na sabuni siku nzima. Gia hizo zinafanya kazi kavu.

FundiMajengo

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili.

Mwalimu, ulisema kweli tupu. Nilimsomea binti hesabu yako ya 16, akachukua penseli na kuhesabu meno gia moja moja kabla sijamaliza sentensi. Iliyokuwa inaruka ni 16 na 24. Matofali mawili juu, tundu moja pembeni, kama vile uliliona gari letu.

Tukabomoa nyuma yote. 8 kwa 40 tumeitoa. Sasa mota inazungusha propela moja kwa moja, kwenye difu meno 12 yanaingia kwenye 28, kisha kila gurudumu 8 kwa 24. Ukizidisha, mwendo umepungua mara 7 tu, wakati zamani ulipungua kuliko hapo na bado halikupanda. Jambo jingine niliona mwenyewe: pinioni yetu, ile gia ndogo inayozungusha difu, ilishikwa upande mmoja, upande wa pili ikaning'inia. Kwenye difu la kweli pinioni ina beringi mbili na hakuna fundi anayeacha moja. Tumeweka kipande chenye matundu upande wa pili, tukakifunga juu na chini kwa pini. Fremu ilikuwa inafunguka kama mdomo kila gari likikaza, sasa haifunguki. Nadhani hilo lilichangia sawasawa na ile hesabu ya meno.

Dada au kaka wa Sanawari, nilipima. Betri zimekaa: 9.2. Gari likikaza kwenye jiwe: 6. Nimeweka za kuchaji.

Jana saa kumi na moja jioni tulipakia nusu kilo ya sukari badala ya kahawa, tukaliachia nyuma ya gereji. Mita 5 za moramu kwa sekunde 40 hivi, likapanda jiwe nene kama kidole gumba, halikuruka jino hata moja. Vijana waliacha kazi wakaja kusimama. Binti hakusema kitu, alikuwa anaandika sekunde.

Ile akseli iliyojinyonga ameibandika kwa selotepu kwenye daftari, kando ya mchoro wa kwanza.

Kilichobaki: anataka magurudumu ya mbele nayo yasukume, na tumeishiwa gia za meno 24. Tunahitaji mbili. Mwenye nazo Moshi au Arusha anijulishe hapa, nitanunua, au tubadilishane na gia za meno 40, tunazo tatu.