Bustani za runinga za siku mbili: mnazionaje?

Jani Bichi: Jamani, vile vipindi ambavyo mwenye nyumba anaondoka, akirudi anakuta bustani mpya, mnavionaje? Ground Force ya BBC (1997–2005) ilimaliza kazi kwa siku mbili! Navipenda, hasa pale mtu anapoangua kilio. Ila mimi nina ua mdogo, nusu kivuli. Nianzie wapi?

Mama Mizizi: Anza kwa kukaa tu, mwanangu. Tazama jua linavyopita asubuhi mpaka jioni, na maji yanatuama wapi mvua ikinyesha. Kamera haina subira hiyo. Tena wao hupanda mimea imebanana ili ipendeze siku ya kurekodi. Mche wa futi moja leo, kesho kichaka kimemfunika jirani yake. Soma kibandiko kinasema utapanuka kiasi gani, uache nafasi hiyo hiyo, hata kama patabaki wazi msimu mzima. Na udongo je? Mboji haina sura ya runinga, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Fundi Toroli: Sakafu ya mbao kivulini usiiguse. Ikilowa inaota utando wa kijani, unateleza. Mwaga kokoto. Njia iwe na sentimita 90 angalau, toroli lipite.

Jani Bichi: Asanteni. Na kichemchemi kidogo?

Mama Mizizi: Nani atazibua pampu majani yakiingia? Kama ni wewe, weka.

Fundi Toroli: Umeme wake aunge fundi mwenye leseni, tafadhali.