"Sit" ya Kiingereza inanikwamisha, naombeni msaada

Mtafsiri Mchanga
Habari zenu wapendwa. Ninatafsiri mwongozo wa kufuga kuku na nimekwama kwenye neno ambalo kila mtu hufundishwa wiki ya kwanza ya Kiingereza: "sit". Sentensi ni "The hen sits for 21 days." Nikaandika "Kuku atakaa siku 21." Dada yangu akapitia rasimu, akaniuliza: "Atakaa wapi, na siku ya 22 anakwenda wapi?" Nilikosa jibu, kwa sababu kweli ndivyo inavyosomeka. Tangu hapo kila nikifungua kamusi nakutana na jingine: kamati, mtihani, koti, hata rais! Kuna kanuni, au nikariri moja moja?

Mama Vifaranga
Mwanangu, kuku huatamia. Wengine tunasema analalia mayai, na mfugaji yeyote atakuelewa. Tatizo liko kwenye "kaa" yetu, imebeba mengi mno: kuishi, kubaki, kudumu, kuketi. Ndiyo maana ukitaka mtu aketi hasa, unamwambia "kaa kitako". Mwingereza hana haja ya hicho kitako, kuishi na kubaki ana maneno yake mengine.

Karani wa Vikao
Nimeandika mihtasari ya vikao miaka mingi, na nakushauri usianze na neno. Anza na anayekaa: ni nani, na kakalia nini? "The committee sat on Monday" ni kamati ilikaa Jumatatu. "The committee sat on the report" ni kamati iliikalia ripoti, yaani waliizuia isisonge mbele. Tazama Kiingereza kilivyotumia "on" ileile kwa siku na kwa ripoti. Sisi tofauti hiyo tunaiweka mwishoni mwa kitenzi: kaa, kalia. Ukiandika "waliketi juu ya ripoti" msomaji ataona makaratasi yamekandamizwa kitini.

Halafu kuna jambo ambalo mimi hunifurahisha sana. Kikao kimetokana na kukaa, na "session" yao imetokana na kitenzi cha Kilatini "sedere", yaani kuketi. "President" naye asili yake ni yule anayeketi mbele ya wenzake. Lakini asili isikupoteze: "sitting president" ni rais aliye madarakani, si rais anayeketi. Mtihani ni rahisi: Uingereza wana-"sit", Marekani wana-"take", sisi tunafanya.

Fundi Cherehani
Mimi nijibu la koti tu. "The jacket sits well on him" ni koti limemkaa. Hapo lugha mbili zimekutana, usihangaike. Ila tafadhali usiandike "linamtosha", hiyo ni habari ya saizi peke yake. Koti linaweza kumtosha mtu na bado lisimkae. Mteja akivaa, natazama bega kwanza: mshono uishie pale bega linapoishia. Kisha kola, ilale shingoni bila kuacha pengo. Akiinua mkono na kuushusha, kitambaa kirudi mahali pake chenyewe. Hapo ndipo ninasema limemkaa.

Mtafsiri Mchanga
Ahsante mama, ahsanteni nyote. Nimeandika upya: "Kuku huatamia mayai kwa siku 21." Nimerudi pia kwenye sentensi ya mbele, "Let the feed sit in water overnight", ambayo kwa hofu nilikuwa nimeiandika "Kiwekwe chakula ndani ya maji kwa muda wa usiku mmoja." Sasa nimeweka "Acha chakula kikae majini usiku kucha." Dada kasoma zote mbili, kafungua ukurasa unaofuata bila kuuliza kitu.