Kind of Blue ya Miles Davis: mbona santuri ya zamani na ya kwenye simu hazilingani?

kinanda_usiku: Wakuu habari za jioni. Nina santuri ya Kind of Blue, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, nimeachiwa na baba mdogo, sasa kila nikitaka kupiga kinanda pamoja na wimbo wa kwanza, So What, haikai, sauti ya santuri iko juu kidogo, haifiki hata nusu nota. Ileile nikiipiga kwenye simu inakaa poa kabisa, na upande wa pili wa santuri hauna shida. Mashine yangu mbovu au? Na mwenye kujua anieleze jamaa walirekodi vipi hii kitu, maana imetulia mno.

Mzee wa Tepu: Mashine yako nzima mkuu. Walirekodi siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, studio za Columbia mtaa wa 30 New York, jengo lililokuwa kanisa zamani. Ile siku ya Machi mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwahiyo tepu ile ikipigwa kwenye mashine yenye mwendo sahihi muziki unakimbia kidogo na sauti inapanda. Nyimbo tatu za siku hiyo ndo upande wako wa kwanza wote. Walikuja kurekebisha 1992 wakitumia tepu ya akiba ya mashine nyingine, ndo maana ya kwenye simu inakaa. Wewe pandisha tu pitchi (kimo cha sauti) ya kinanda kidogo kidogo mpaka ikae.

dada_besi: Kuhusu kutulia, sikiliza kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinavyobadilika, yaani karibu hazibadiliki. Bonyeza vitufe vyeupe tupu kuanzia D mpaka D ya juu, hiyo ndo skeli (ngazi ya nota) ya So What baa 16 (vipande vya mapigo) za mwanzo, halafu panda nusu nota baa 8, rudi D baa 8, basi. Miles alikuja na michoro tu ya muziki studio, hakuna kodi za kukimbizana nazo ndo maana kila mtu anapata nafasi ya kupumua. Wimbo wa mwisho, Flamenco Sketches, ndo balaa, skeli tano na kila mpigaji anakaa kwenye skeli mpaka atakapoamua mwenyewe kuhama. Na Paul Chambers kwenye besi jamani, ile So What besi ndo inaimba, wengine wanaitikia!

ilimba77: Niongezee hapo. Miles kwenye kitabu cha maisha yake anasema aliwaona Ballets Africains wa Guinea akaguswa na kile kinanda cha vidole, ndugu wa ilimba ya Wagogo, akawa anautafuta mlio ule, na akasema alichokitafuta alikikosa. Mi namheshimu ila hapo sikubaliani naye hata kidogo, alikipata. Angalia tu John Coltrane, mpiga saksafoni wa albamu hii, wiki mbili baada ya kumaliza anarekodi Giant Steps yenye kodi zinazokimbia kama nini, halafu baadae anarudi kulekule kwenye skeli chache, Impressions yake ni umbo lilelile la So What.

kinanda_usiku: Asanteni sana, nimepandisha pitchi imekaa! Sasa nasikia vizuri hata ule mlio wa sahani ya mpiga ngoma Jimmy Cobb pale Miles anapoingia na tarumbeta, inalia wee mpaka inaisha yenyewe.

dada_besi: Cobb ndo alikuwa wa mwisho kubaki hai kati ya wapigaji wa albamu hii, amefariki 2020. Kesho jaribu Blue in Green, ila hiyo taratibu.