Sauti inahamia kwenye monita kila kompyuta ikiamka: naizuiaje?

kibwebwe
Habari wakuu. Nina laptopu ya Windows 11, monita ya nje kwa waya wa DisplayPort, spika ndogo za waya, na hedifoni za Bluetooth kwa ajili ya vikao vya Zoom. Spika ndizo nilizoziweka kuwa chaguo-msingi. Monita ikilala na kuamka, au nikichomoa waya na kuurudisha, sauti inahamia kwenye monita, na monita yenyewe haina spika, kwa hiyo kimya. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya michoro ikisasishwa, yale yale. Jambo la pili: nikivaa hedifoni, kikao kikianza tu muziki unasikika kama unapita kwenye simu ya mezani. Kuna swichi ya kuiambia Windows "nilichochagua ni hiki, usiguse"?

fundi_nyaya
Swichi hiyo haipo, mkuu. Dawa ni kuipunguzia machaguo mpaka ibaki na unachokitaka.

Waya wa HDMI na wa DisplayPort hubeba picha na sauti pamoja. Monita ikichomekwa inajitambulisha kwa kadi ya michoro, na ikisema inapokea sauti, Windows inaihesabu kuwa kifaa cha sauti. Monita isiyo na spika lakini yenye kitundu cha hedifoni mgongoni nayo husema inapokea. Ndiyo maana huoni ujumbe wowote wa hitilafu. Kwa Windows sauti imefika salama.

Washa monita kwanza, kisha bonyeza Windows + R, andika mmsys.cpl, Enter. Litafunguka lile dirisha la zamani la sauti kwenye kichupo cha Playback. Bofya kulia mahali patupu, tia tiki "Show Disabled Devices" na "Show Disconnected Devices" ili uone orodha nzima. Kila chenye jina la monita, bofya kulia, "Disable". Kisha nenda kwenye spika zako na uziweke kuwa chaguo-msingi mara mbili, maana nafasi ziko mbili: ya sauti za kawaida (muziki, video, michezo) na ya mawasiliano (simu na vikao). Wengi huweka ya kwanza, ya pili wanaiachia Windows ijichagulie.

Kwenye Windows 11 unaweza kupita pia Settings, System, Sound, "All sound devices", ukachagua monita na kubonyeza "Don't allow". Ni kitu kilekile.

mzee_wa_terminali
Hayo ni sawa, ila hayamalizi lalamiko lake la draiva. "Disable" ya mmsys.cpl inakaa kwenye kile kifaa tu. Draiva ya michoro ikisakinishwa upya, hasa kwa usakinishaji unaofuta ya zamani, Windows inaweza kuunda kifaa kipya chenye jina lilelile, na hicho kipya hakijazimwa. Unarudi mwanzo.

Kama huhitaji kabisa sauti kupitia waya wa picha, zima ngazi ya chini zaidi: Windows + X, Device Manager, fungua "Sound, video and game controllers", bofya kulia kile cha kadi ya michoro ("NVIDIA High Definition Audio", "AMD High Definition Audio Device" au "Intel Display Audio"), "Disable device". Usiguse chochote kilichoandikwa Intel Smart Sound. Kwenye laptopu nyingi hicho ndicho kinachobeba maikrofoni ya ndani, na kwingine hata spika. Kwa NVIDIA, unaposasisha chagua "Custom" na uondoe tiki kwenye "HD Audio Driver".

Bei yake: siku ukiunganisha televisheni kwa HDMI hutapata sauti, na utalaumu waya.

Kuhusu kulala: monita nyingi za DisplayPort zikilala hukata kabisa ile ishara ya kwamba zipo. Kompyuta inaona zimechomolewa, zikiamka inaona zimechomekwa upya, na hapo ndipo vifaa vya sauti vinapopangwa tena. Angalia menyu ya monita yenyewe, kwa vitufe vyake, kama ina "Deep Sleep" au jina linalofanana. Ukiizima, mara nyingi na madirisha yako yanaacha kuhamahama.

sikio_la_kazi
Nijibu la hedifoni, kwa kuwa ni tatizo jingine kabisa na watu wanalichanganya na hili.

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. A2DP ni ya stirio, nzuri, lakini inakwenda upande mmoja tu: hakuna maikrofoni. Ya pili, HFP, ina maikrofoni, ila ni mono na sampuli zake ni 8 kHz, au 16 kHz kwa hedifoni zenye mSBC (njia bora zaidi ya kubana sauti). Programu yoyote ikifungua maikrofoni ya hedifoni, hedifoni nzima inahamia HFP, muziki nao unavutwa humo. Hakuna ubora utakaourudisha kwa mipangilio.

Kwa hiyo usitumie maikrofoni ya hedifoni. Ndani ya Zoom chagua maikrofoni ya laptopu, spika acha hedifoni. Kama programu nyingine bado zinainyakua, nenda Settings, "Bluetooth & devices", Devices, "More devices and printer settings", bofya kulia hedifoni, Properties, kichupo cha Services, ondoa tiki kwenye "Handsfree Telephony". Maikrofoni itatoweka kwenye orodha na stirio itabaki.

Na wenye spika au hedifoni za USB: chomeka tundu lilelile siku zote. Kifaa cha USB kisicho na namba yake ya utambulisho kikihamishiwa tundu jingine, Windows inakiona kigeni. Ukikuta kwenye orodha jina lililotanguliwa na "2-", kama "2- USB Audio Device", ujue ndicho kilichotokea.

kibwebwe
Nimezima "Intel Display Audio", na menyu ya monita nimeirekebisha. Nimeilaza na kuiamsha mara tano, spika hazijang'oka. Zoom pia imetulia. Kilichobaki ni Chrome: kila nikivaa hedifoni, yenyewe inaendelea kupiga kwenye spika, wakati programu nyingine zote zinahamia.

fundi_nyaya
Kuna wakati uliipangia Chrome kifaa chake peke yake. Settings, System, Sound, "Volume mixer": fungua mstari wa Chrome utazame "Output device". Ikisema jina la spika badala ya "Default", rudisha "Default", au bonyeza "Reset" chini, lakini hiyo inafuta mipangilio ya programu zote. Chrome iwe inapiga sauti wakati huo, vinginevyo huenda usiione kwenye orodha.

mzee_wa_terminali
Kwa asiyeweza kuzima sauti ya monita kwa sababu anaitumia siku nyingine: chukua SoundVolumeView ya NirSoft, programu ndogo isiyosakinishwa. Amri ni hii:

SoundVolumeView.exe /SetDefault "Realtek High Definition Audio\Device\Speakers\Render" all

Jina lililo kati ya alama za nukuu linakiliwa kwenye safu ya "Command-Line Friendly ID" ndani ya programu hiyo. Usiliandike kwa kubahatisha. Neno "all" linashika nafasi zote, ya kawaida na ya mawasiliano. Iweke kwenye Task Scheduler (kipanga-kazi cha Windows) kwa vichocheo viwili, "At log on" na "On workstation unlock", na uicheleweshe sekunde 30. Bila kuchelewesha, amri inatangulia monita haijamaliza kuamka, kisha Windows inakuja kuitengua.

Wa Linux yenye PulseAudio (programu inayosimamia sauti): fungua /etc/pulse/default.pa, weka # mbele ya mstari wa load-module module-switch-on-connect, kisha pulseaudio -k. Kwenye PipeWire, ambayo hufanya kazi hiyohiyo, angalia namba ya kifaa kwa wpctl status, halafu wpctl set-default na namba hiyo. Namba hubadilika ukiwasha kompyuta upya, usiiweke kwenye skripti.

sikio_la_kazi
Kwenye skripti tumia pactl set-default-sink na jina refu la kifaa kutoka pactl list short sinks. Hilo halibadiliki ovyo.